Wazee wa mila na amani baada ya vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na maafisa wa miradi, wanafunzi, wanasheria na watu waliokimbia makwao ambao sasa wanajiandaa kurudi. Majibu yanatumia mifano ya nchi kadhaa, kwa sababu jambo lenyewe halina nchi moja.

Utawala wa jadi ni nini hasa? Chifu wa serikali naye yumo?

Hapa tunazungumzia mamlaka ambayo watu wa mahali huyatii kwa sababu ya ukoo, umri, kiapo au desturi, hata kama hakuna barua ya uteuzi. Wamo wazee wa koo wa Somaliland, Bashingantahe (wazee waamuzi) wa Burundi, viongozi wa koo za Waacholi kaskazini mwa Uganda, wazee wa mila wa Timor ya Mashariki, na machifu wa Bougainville, kisiwa ambacho sehemu kubwa ya ardhi hurithiwa kupitia ukoo wa mama.

Chifu wa Kenya ni mtumishi wa serikali. Analipwa na hazina na anawajibika kwa wakubwa wake wa utawala. Anaweza kuwa msuluhishi hodari, lakini mamlaka aliyo nayo ni ya ofisi, na akistaafu yanabaki ofisini. Mkanganyiko huu ulianza enzi za ukoloni. Mahali ambapo Waingereza hawakukuta machifu, waliwatengeneza. Kwa Waigbo wa Nigeria waligawa hati za uchifu kwa watu ambao jamii haikuwatambua kama viongozi, na chuki dhidi ya watu hao ilichangia maandamano makubwa ya wanawake ya mwaka 1929. Serikali za baada ya uhuru nazo zilikuja na yao: Tanganyika ilifuta mamlaka ya kisheria ya machifu mwaka 1963, Uganda ikafuta falme mwaka 1967 na kuzirudisha mwaka 1993. Kwa hiyo mtu akikuambia jambo fulani ni la mila tangu enzi na enzi, si utovu wa adabu kumuuliza lilianza lini na nani alilianzisha.

Kwa nini vita vikiisha watu huenda kwa wazee badala ya mahakamani?

Mara nyingi kwa sababu mahakama haipo. Jengo limechomwa, hakimu ameuawa au amekimbia, faili zimepotea. Hata ikiwepo, iko mbali, ina ada, na huendesha mambo kwa lugha ambayo mlalamikaji haielewi vizuri.

Halafu kuna aina ya mashauri yenyewe. Aliyerudi kutoka kambini anataka kujua mpaka wa shamba lake uko wapi, nani alichukua ng'ombe, mtoto aliyezaliwa msituni ataitwa wa ukoo gani, na kama anaweza kupita kwenye boma la watu ambao jamaa zao waliuawa na kaka yake bila naye kuuawa. Sheria ya jinai haina kifungu cha kujibu swali hilo la mwisho.

Wazee hawana polisi wala jela. Nguvu yao iko wapi?

Jibu hili ndilo linalobeba mengine yote. Mvi na hekima husaidia, lakini kinachompa mzee nguvu ni uwezo wa kuwadai watu wake walipe. Yeye ni mdhamini. Anaposema "upande wetu tumekubali", anaweka mali na heshima ya ukoo mzima mezani.

Chukua diya, yaani fidia ya damu, kwa Wasomali. Mtu akiua, deni haliwi lake peke yake. Linagawanywa kwa kundi la jamaa wa upande wa baba ambao wamekubaliana kulipa pamoja na kupokea pamoja. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa. Kijana mchungaji hana ngamia 100, kwa hiyo zinatoka kwa baba zake wadogo, kwa binamu, hadi kwa mfanyabiashara wa mjini ambaye hajawahi kumwona. Kila mmoja wao sasa ana sababu ya mfukoni ya kumzuia kijana yule asichukue bunduki tena. Na waliofiwa wanajua mlango wa kubisha fidia ikichelewa.

Kwa hiyo ukiwa kwenye mkutano wowote wa amani, hata ule wenye hotuba tamu na picha nyingi, jiulize: haya yakivunjwa keshokutwa, nani atalipa, na nani atamfuata asipolipa? Kama hakuna anayejua, ulichohudhuria ni sherehe.

Utaratibu huo unaweza kujenga amani ya nchi nzima, au ni wa vijiji tu?

Mfano mkubwa kuliko yote ni Somaliland. Mei 1991, katika mkutano wa Burao, ilijitangaza kujitenga na Somalia. Mwaka 1992 ikaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe. Wazee wakazima moto mmoja baada ya mwingine, wakakutana katika mji wa Sheikh, kisha wakaitana mji wa Borama. Mkutano wa Borama ulianza Januari 1993 ukaendelea hadi Mei. Wajumbe wenye kura walikuwa wazee 150, na gharama zilibebwa kwa kiasi kikubwa na wenyeji, wafanyabiashara na Wasomali walioko ng'ambo. Walitoka na mkataba wa amani ulioifanya kila jamii iwajibike kwa usalama wa eneo lake na kwa silaha za vijana wake, pamoja na mkataba wa kuongoza serikali. Wakamchagua Mohamed Ibrahim Egal kuwa rais. Baraza la wazee, Guurti, likawa bunge la juu.

Linganisha na mkutano wa Addis Ababa wa Machi 1993, uliotafuta suluhu ya Somalia yote. Waliotia saini walikuwa viongozi wa makundi 15 yenye silaha. Saini zilikuwepo, lakini aliyetia saini hakuwa na ukoo uliokubali kulipa yeye akikiuka.

Tusiipambe Somaliland kupita kiasi. Mwaka 1994 vita vilirudi, na ilibidi mkutano mwingine Hargeisa mwaka 1996 na 1997 ili kuvimaliza. Guurti yenyewe imegeuka. Wajumbe wake hawajawahi kupigiwa kura na wananchi, mjumbe akifariki kiti huenda kwa jamaa yake, na baraza limeongeza muda wa marais na wa kwake lenyewe mara kadhaa. Waliokuwa wasuluhishi wa serikali wamekuwa sehemu ya serikali, na wakigombana na upinzani hakuna mzee wa tatu wa kuwapatanisha.

Tambiko la mato oput la Waacholi linaendaje?

Watu wengi wamelisikia kama "kunywa dawa chungu" na kudhani ni shughuli ya asubuhi moja. Kunywa ni hatua ya mwisho. Kabla yake huweza kupita miezi, pengine miaka.

Mtu akiuawa na mtu wa ukoo mwingine, koo hizo mbili huacha kula pamoja, kunywa pamoja na kuoana. Wazee wasiofungamana na upande wowote huanza kwenda na kurudi kati ya pande hizo. Kwanza ukweli: nani alifanya nini, kwa nini, mbele ya nani. Mhusika lazima akiri. Kisha inapangwa fidia, ambayo ukoo wake unachangishana. Hapo ndipo wazee hutumia muda mwingi, kwa kuwa kila nyumba ina sababu ya kutochangia.

Siku ya tambiko, ukoo wa aliyeua huleta kondoo na ukoo wa aliyefiwa huleta mbuzi. Wanyama hukatwa katikati na nusu hubadilishwa. Mizizi ya mti wa oput hupondwa na kuchanganywa katika pombe, ikawekwa kwenye kibuyu kimoja. Wawakilishi wa pande mbili hupiga magoti, mikono nyuma, vichwa vikikaribiana, na kunywa kwa pamoja uchungu ule. Baada ya hapo hula pamoja, na mwiko wa kuoana unaondoka.

Kuna jingine linalochanganywa nalo: kukanyaga yai. Hilo ni la kumpokea mtu aliyekuwa mbali kwa muda mrefu, na lilitumika sana kuwapokea vijana waliotoroka kutoka kwa LRA, waasi waliopigana na serikali ya Uganda. Yai huwekwa njiani kwenye lango la boma pamoja na tawi la mti wa opobo na kijiti cha kufungulia ghala, anayerudi anakanyaga, anaingia. Linamrudisha nyumbani. Halimfutii alichofanya, na wazee wa Acholi wenyewe husema hivyo wazi.

Kwa nini basi mato oput haikumaliza suala la LRA?

Kwa sababu inahitaji aliyeua, aliyeuawa na koo zote mbili zijulikane. Kijana aliyetekwa akiwa na umri wa miaka kumi, akalazimishwa kuua katika vijiji asivyojua majina yake, anaketi na ukoo upi? Na waliouawa hawakuwa Waacholi peke yao. Walikuwemo Walango, Waiteso, Wamadi, watu wa Kongo na wa Sudan Kusini, ambao hawafungwi na tambiko hilo.

Makubaliano ya Juba ya Juni 2007 kati ya serikali ya Uganda na LRA kuhusu uwajibikaji na maridhiano yalitaja mato oput pamoja na mila za jamii jirani, lakini mkataba wa mwisho wa amani Joseph Kony, kiongozi wa LRA, hakuutia saini. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imekwisha kutoa hati za kuwakamata viongozi watano wa LRA mwaka 2005. Kati yao aliyefikia hukumu ni Dominic Ongwen, ambaye naye alitekwa akiwa mtoto. Mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Mawakili wake waliomba mila za Kiacholi zizingatiwe katika adhabu, majaji wakakataa. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi, kwa sababu ile ile: hapakuwa na ukoo wa upande wa pili uliokubali kuketi.

Gacaca ya Rwanda ilikuwa mila au mahakama ya serikali?

Mahakama ya serikali iliyovaa kanzu ya mila. Gacaca ya zamani ilishughulikia mifugo, mipaka, urithi na ugomvi wa ndoa, na ilikuwa ya hiari. Ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, ili kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, ilikuwa na madaraja ya makosa, vifungo virefu, na mahudhurio ya lazima. Ilianza kwa majaribio mwaka 2002, ikasambaa nchi nzima miaka iliyofuata, ikafungwa rasmi Juni 2012. Kulikuwa na mahakama takriban 12,000 zilizosikiliza mashauri karibu milioni 2, mbele ya majaji waliochaguliwa na majirani zao na wasiolipwa mshahara.

Magereza yalikuwa na watuhumiwa zaidi ya 120,000. Kwa mahakama za kawaida wengi wangekufa kabla ya kusomewa mashtaka. Gacaca ilisogeza mlima huo, na familia nyingi zilijua kwa mara ya kwanza wapendwa wao walitupwa wapi. Upande wa pili, hapakuwa na mawakili, baadhi ya watu walitumia mashtaka kulipiza visasi vya ardhi, na makosa ya askari wa RPF, kundi lililotwaa madaraka mwaka 1994, hayakuguswa. Hilo la mwisho ni zito, kwani waliofiwa upande huo waliketi kwenye nyasi zile zile wakisikiliza, na kikao chao hakikufika.

Anayetaka kuiga gacaca asidhani anaiga wazee. Anaiga dola yenye nguvu ya kumtoa kila mtu nyumbani mara moja kwa wiki.

Makosa gani hayapaswi kuishia kwa wazee?

Ubakaji, mauaji ya halaiki, mateso, na lolote ambalo fidia yake huenda kwa ukoo huku aliyeumizwa akibaki mikono mitupu.

Kaskazini mashariki mwa Kenya neno maslaha linajulikana na kila mtu. Msichana anabakwa, wazee wa pande mbili wanaketi, mifugo au fedha zinapita kati ya wanaume, kesi inaondolewa polisi, na wakati mwingine msichana anaozwa kwa aliyembaka. Amani kati ya koo inaweza kuwa imepatikana kweli. Imelipiwa na mtu ambaye hakuulizwa. Huko Afghanistan, utaratibu wa kutoa msichana kama fidia ya damu, unaoitwa baad, ulifanywa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2009, na hata baada ya hapo uliendelea.

Timor ya Mashariki ilipata njia nzuri ya kuchuja. Baada ya machafuko ya mwaka 1999 yaliyoandamana na kura ya kujitenga na Indonesia, Tume ya Mapokezi, Ukweli na Maridhiano iliwaruhusu waliochoma nyumba, kuiba au kupiga watu kuandika taarifa na kuomba kurudi vijijini mwao. Kila taarifa ilipita kwanza kwa mwendesha mashtaka. Ikionekana kuna mauaji, ubakaji au mateso, haikwenda kijijini. Zilizobaki zilisikilizwa mahali pa wazi, wazee wa mila wakiwa wamevaa rasmi, na mkeka mkubwa ukitandikwa katikati. Kwa desturi mkeka huo haukunjwi mpaka shauri liishe, na vikao vingine viliingia usiku. Mkosaji aliulizwa maswali na mtu yeyote. Mwisho yaliandikwa makubaliano: kuomba radhi hadharani, kusaidia kujenga upya kilichochomwa, kufanya kazi ya jamii kwa muda fulani. Karatasi hiyo ikapelekwa mahakama ya wilaya na kuwa amri. Zaidi ya watu 1,300 walimaliza utaratibu huo. Mzee alikuwa na mkeka, hakimu alikuwa na muhuri, na kila mmoja alijua mwisho wa kazi yake. Udhaifu ulikuwa upande wa pili wa chujio: wengi wa watuhumiwa wa makosa makubwa walikuwa wamevuka kwenda Indonesia na hawakufikishwa mahakamani. Waliorudi kijijini na kuungama moto wa nyumba moja walibaki wakishangaa mbona wakubwa hawaguswi.

Wanawake wana nafasi gani?

Kwenye orodha ya wajumbe, mara nyingi hawamo. Kwenye kazi yenyewe, wamo tangu mwanzo.

Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ni mfano unaostahili kusomwa taratibu. Kati ya 1992 na 1995 koo za eneo hilo zilipigana, watu wengi wakafa, na chuki ikafika sokoni: wanawake wa ukoo mmoja walizuiwa kuuza au kununua kwa wa ukoo mwingine. Kundi dogo la wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, lilianza na soko. Wakakubaliana kwamba mwanamke yeyote atauza na kununua kwa yeyote, wakaweka watu wa kusimamia na kusikiliza malalamiko ya kila siku. Soko liliposhika, wakawaendea wazee. Walijua hawawezi kuongoza baraza, na walijua mzee wa ukoo mkubwa akiitisha kikao, ukoo mwingine mkubwa hautakuja. Wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo, asiyeogopwa na yeyote, naye akaongoza. Kikao hicho kilizaa Azimio la Al Fatah la mwaka 1993. Mwaka 1995 ilianzishwa kamati ya amani na maendeleo ya wilaya iliyowaweka pamoja wazee, wanawake, vijana, viongozi wa dini na maafisa wa serikali, na mfano huo ukaigwa na wilaya nyingine za Kenya.

Hata hivyo, Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililozaliwa katika mazingira hayo hayo ya kutafuta amani kati ya wafugaji, liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Wanawake wa eneo hilo walisaidia kuleta amani ambayo ndani yake wamethaminiwa nusu. Mtu anaweza kulitetea azimio hilo kwa kuwa lilipunguza mauaji. Mimi sioni kwa nini lisingepunguza mauaji likiwa na namba moja kwa wote.

Vijana wenye bunduki wanawasikiliza wazee?

Inategemea kijana anamtegemea nani. Pale ambapo mahari, ardhi na ruhusa ya kuoa vinatoka kwa wazee, wanasikilizwa. Pale ambapo bunduki inaweza kuleta ng'ombe wa mahari kwa usiku mmoja, na mfanyabiashara anasubiri na lori la kupeleka mifugo mjini, mzee anabaki na baraka tu. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, imepitia hali hiyo tangu AK-47 zilipoenea, na Sudan Kusini pia.

Mkutano wa Wunlit wa mwaka 1999 unaonyesha faida na mpaka wake. Wadinka na Wanuer wa magharibi mwa Nile walikuwa wakiuana tangu jeshi la waasi wa kusini mwa Sudan lilipogawanyika mwaka 1991. Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha machifu Lokichoggio mwaka 1998, kisha machifu wa kila upande wakatembelea nchi ya wenzao. Hilo lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha, na ndilo lililowashawishi watu kwamba safari hii si maneno. Wunlit kila upande ulipewa nafasi ya kumwaga uchungu wake wote, mwenzake akisikiliza bila kukatiza. Fahali mweupe alichinjwa, machifu wakaapa. Walikubaliana kurudisha wanawake na watoto waliotekwa, kufungua malisho na maji, na kuwa na walinzi wa mipaka. Mifugo ikavuka. Lakini makamanda hawakuwa wamefungwa na kiapo cha machifu, na vita vya eneo la mafuta viliendelea bila kuwauliza.

Si kweli kwamba wazee wenyewe wakati mwingine ndio waliosababisha vita?

Ni kweli, na swali hili linakwepwa mno. Vijijini Sierra Leone kabla ya vita vya 1991 hadi 2002, machifu waligawa ardhi kwa upendeleo, waliwatoza vijana faini kubwa kwa makosa madogo, hasa ya wanawake na ndoa, na waliwafanyisha kazi bila malipo. Asiyeweza kulipa alikimbia. Baadhi ya waliokimbia walikutwa na waasi wakiwa hawana cha kupoteza. Vita vilipokwisha, mojawapo ya mambo ya kwanza yaliyofanywa kwa msaada wa Uingereza ni kuwarudisha machifu wakuu kwenye himaya zao. Kurudisha utawala vijijini kulikuwa na mantiki, kwa kuwa watu walitaka mtu wa kuwaamua. Lakini machifu walirudishwa haraka kuliko faini zao zilivyochunguzwa, na malalamiko yale yale yakaanza kusikika tena.

Kabla ya kuimarisha baraza lolote la jadi baada ya vita, waulize waliokuwa na umri wa miaka 20 vita vilipoanza. Majibu yao hayafanani na ya wazee.

Migogoro ya ardhi ya wanaorudi hutatuliwaje?

Kwa miguu. Kaskazini mwa Uganda karibu watu milioni 1.8 walikuwa kambini vita vilipokuwa vimechacha. Walipoanza kurudi, ardhi nyingi haikuwa na hati, miti ya mipaka ilikuwa imekatwa kwa kuni na mkaa, na waliojua mpaka ulipita wapi walikuwa wamekufa. Wazee waliobaki huitwa, majirani wa pande zote hualikwa, na watu hutembea mpaka mzima wakitafuta kichuguu, kaburi, kisiki au mkondo wa maji. Mahali wanapotofautiana wanasimama na kubishana hapo hapo. Wakikubaliana hupanda miti, na siku hizi huchora ramani ya mkono na kuweka sahihi au dole gumba.

Wajane na watoto waliozaliwa utekwani ndio hupoteza zaidi, kwa kuwa haki yao hupitia kwa mwanamume ambaye hayupo. Kikao kisipowaita kwa majina, mpaka utatembewa na shemeji zao.

Sheria inaruhusu?

Mara nyingi ndiyo, kwa masharti. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 159, inaitaka mahakama kuendeleza njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo za kijadi, mradi zisikiuke Sheria ya Haki (sura ya Katiba inayolinda haki za kila mtu), zisiwe kinyume cha haki na maadili, wala kupingana na Katiba. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu hata kesi ya mauaji kuondolewa baada ya familia mbili kupatana kwa fidia ya ngamia na mbuzi, na wanasheria walibishana sana. Rwanda ina wapatanishi wake, abunzi, walio ndani ya katiba ya 2003. Msumbiji haikuunda tume ya ukweli baada ya mkataba wa Roma wa 1992 uliomaliza vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Vijijini waganga na wazee waliwapokea wapiganaji wa pande zote kwa mila zao, na serikali ikaja kuzitambua mamlaka za kijamii kwa amri ya mwaka 2000.

Makubaliano yaandikwe au yabaki mdomoni?

Yaandikwe, kwa lugha ya kikao, na kila upande ubaki na nakala. Muhtasari mzuri hutaja kiasi cha fidia, tarehe ya kila awamu, jina la mdhamini wa kila upande, na nani ataitisha kikao kukitokea ukiukwaji. Misemo kama "pande zote zitadumisha amani" haimsaidii mtu siku ng'ombe watakapopotea.

Mradi wetu una fedha. Tuwalipe wazee posho?

Nauli, chakula na mahali pa kulala, ndiyo. Mzee hawezi kutembea siku mbili kwa gharama yake kwa ajili ya mkutano mlioupanga ninyi. Posho ya kukaa kitini ni habari nyingine. Ikizidi, wanazaliwa wazee wa semina, watu wanaojulikana zaidi hotelini kuliko kijijini, na migogoro inachelewa kuisha kwa sababu ikiisha vikao navyo vinaisha. Walio wakali zaidi juu ya jambo hili ni wazee halisi, kwa kuwa wakitoka huko jamaa zao huwauliza wamelipwa kiasi gani, na baada ya hapo hakuna anayetaka kuchanga ngamia.

Fedha zenu zina kazi bora zaidi mahali ambapo wazee hawawezi kujilipia: mafuta ya gari la kufuatilia miezi mitatu baada ya mkutano, muda wa maongezi wa kupigiana simu usiku uvumi unapoanza, karani wa kuandika, na usafiri wa wajane kufika kikaoni. Fidia yenyewe msiilipe. Shirika likiwalipia ukoo, ukoo hauna tena sababu ya kumzuia kijana wake.